Gari la umeme kusubiri saa nne usiku: mmiliki atakubali?

Na Mwandishi Wetu

NAIROBI – Kila jioni, jua linapotua na familia kurejea nyumbani, mtandao wa umeme wa Kenya hubeba mzigo wake mzito kuliko wakati wowote wa siku. Mapema mwaka 2025 kilele cha matumizi kilipita megawati 2,300. Saa chache baadaye, watu wanapolala, mahitaji hayo hushuka hadi karibu nusu. Huko Olkaria, katika Kaunti ya Nakuru, visima vya jotoardhi haviwezi kuzimwa na kuwashwa kama taa ya chumbani. Kwa hiyo sehemu ya mvuke unaotoka ardhini huachiliwa angani bila kuzalisha umeme, kwa sababu hakuna wa kuutumia.

Hali hizo mbili, uhaba wa jioni na ziada ya usiku wa manane, ndizo chanzo cha mjadala ambao wamiliki wa magari ya umeme wataitwa kuushiriki hivi karibuni, wapende wasipende. Serikali imekiri waziwazi kwamba baadhi ya maeneo hupunguziwa umeme kwa zamu kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Mwenye gari la umeme anayefika nyumbani saa moja jioni na kulichomeka papo hapo anaongeza mzigo katika saa zilezile. Akisubiri hadi saa nne, anatumia umeme ambao vinginevyo ungepotea.

Jambo hili si la wenye magari peke yao. Mahitaji ya jioni yanapopanda, mitambo inayotumia mafuta huwashwa, na gharama ya mafuta hayo huingizwa katika bili ya kila mteja kupitia tozo ambayo hutangazwa kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mama mboga wa Kawangware asiyemiliki hata baiskeli hulipia sehemu ya uamuzi wa jirani anayechaji gari saa mbili usiku. Transfoma ya mtaa ikizidiwa na kuungua, giza haliulizi nani ana gari na nani hana.

Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilichukua hatua ya kwanza Aprili 2023. Katika bei mpya za umeme zilizoanza kutumika mwezi huo, ilianzisha kundi la wateja ambalo halikuwapo awali, yaani usafiri wa umeme. Bei ya msingi kwa kundi hilo iliwekwa kuwa shilingi 16 kwa yuniti katika saa za kawaida na shilingi 8 katika saa za matumizi ya chini, kwa mteja asiyezidi yuniti 15,000 kwa mwezi. Siku za kazi, saa za nafuu huanza saa nne usiku na kumalizika saa kumi na mbili asubuhi. Wakati huohuo, mteja wa kawaida wa nyumbani anayetumia zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi aliwekewa karibu shilingi 21 kwa yuniti, na bei yake ni moja usiku na mchana. Tozo na ushuru huongezwa juu ya viwango hivyo vyote.

Bei ya usiku, hata hivyo, si kitu kimoja na uchaji mahiri. Bei humshawishi mmiliki na kumwachia uamuzi. Katika mpango wa uchaji mahiri, mmiliki huchomeka gari anapofika, hutaja saa anayolihitaji na kiwango cha chaji anachotaka, kisha huiachia kampuni ya umeme au wakala wake kuamua gari lianze kuchaji saa ngapi na kwa kasi gani. Uamuzi hubadilika usiku hadi usiku kulingana na hali ya mtandao. Kwa maneno mengine, mwananchi anaombwa ampe mtu mwingine mkono juu ya swichi iliyo ndani ya nyumba yake.

Je, atakubali?

Mahesabu mepesi yanasaidia kuona uzito wa swali hilo. Chukua gari dogo linalotumia yuniti 15 kwa kilomita 100, na mmiliki anayesafiri kilomita 40 kwa siku, mathalani kutoka Ruiru hadi katikati ya jiji na kurudi. Anahitaji yuniti 6 kila usiku. Tofauti ya shilingi 8 kati ya bei ya kawaida na bei ya usiku inampa akiba ya shilingi 48, kabla ya tozo. Kwa mwezi mzima ni takriban shilingi 1,440. Si haba, lakini kwa usiku mmoja ni fedha isiyotosha nauli ya kwenda na kurudi kazini. Siku gari likikutwa halina chaji saa kumi na mbili asubuhi, teksi moja tu inaweza kumeza akiba ya wiki mbili, achilia mbali mkutano uliokosekana au mtoto aliyechelewa shuleni.

Hapa ndipo hesabu ya mhandisi na hesabu ya mwananchi zinapoachana. Mhandisi huona gari lililosimama saa kumi au kumi na mbili huku likihitaji saa moja au mbili tu za kuchajiwa, na kuhitimisha kwamba kuahirisha hakumgharimu mmiliki chochote. Kwa karatasi, yuko sahihi. Mwananchi naye anakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipotumbukia gizani kwa saa nyingi, na anakumbuka kwamba hiyo haikuwa mara ya mwisho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu wa namna hiyo akifika nyumbani saa moja jioni akakuta umeme upo, atachaji pale pale, kwa kuwa hana hakika kama utakuwapo saa saba usiku. Uamuzi wake hautokani na ukosefu wa uzalendo wala na kutojua bei. Ni busara ya mtu anayeishi na mtandao anaoufahamu.

Kwa maoni yetu, hiki ndicho kiini cha suala zima, na ndicho kinachosahaulika mara nyingi katika mijadala inayoanzia na kuishia kwenye bei. Utayari wa kujiunga na mpango wa uchaji mahiri hutegemea kwanza imani kwamba asubuhi gari litakuwa tayari. Akiba hufuata nyuma.

Nchi zilizotangulia zina ya kutufunza, ijapokuwa mazingira yao si yetu. Mwaka 2015 katika eneo la ghuba ya San Francisco, Marekani, kampuni ya magari ya BMW ilishirikiana na kampuni ya umeme ya Pacific Gas and Electric kufanya jaribio lililodumu miezi 18. Wamiliki 96 wa magari aina ya i3 walikubali kuchaji kwa magari yao kuahirishwe kwa muda wa hadi saa moja pale mtandao ulipohitaji nafuu. Walipewa dola 1,000 mwanzoni, na hadi dola 540 zaidi mwishoni kulingana na ushiriki wao. Muhimu zaidi, kila mmoja aliweza kukataa kupitia simu yake ikiwa siku hiyo alihitaji gari haraka.

Katika kipindi hicho mtandao uliomba nafuu mara 209, na lengo la kupunguza kilowati 100 lilifikiwa katika asilimia 90 ya maombi hayo. Matokeo hayo yanapendeza hadi mtu anapotazama mchango wa kila upande. Magari yenyewe yalileta takriban asilimia 20 tu ya nafuu iliyopatikana. Iliyobaki ilitoka kwa betri zilizokwisha kutumika katika magari na kisha kufungwa mahali pamoja kama hifadhi ya umeme. Sababu ni rahisi, kwani gari haliwezi kuahirishiwa chaji ikiwa halijachomekwa, na mengi hayakuwa yamechomekwa wakati ombi lilipofika. Wamiliki walikuwa wamekubali, tena kwa malipo mazuri, lakini kukubali kwao hakukutosha. Mpangaji wa Kenya anayehesabu idadi ya waliojiandikisha na kuizidisha kwa kilowati za kila gari anafaa kulikumbuka jambo hilo.

Uingereza ilijifunza somo la aina nyingine. Mradi ulioitwa Electric Nation, uliokamilisha majaribio yake mwaka 2018, ulihusisha karibu wamiliki 700 wa magari ya umeme. Awamu ya kwanza iliwaongoza bila kuwapa taarifa wala njia ya kuingilia kati. Awamu ya pili iliwapa programu ya simu ya kuomba gari lao litangulizwe. Awamu ya tatu iliongeza zawadi kwa anayechaji nje ya saa za jioni. Programu ya simu ilipokuwapo, wengi hawakuitumia mara kwa mara, lakini walitaka iwepo. Zawadi nayo ndiyo iliyoondoa sehemu kubwa ya uchaji katika saa za kilele. Mtu hutaka mlango wa dharura katika jengo hata kama hana nia ya kuupita.

Baadaye nchi hiyo iligeuza mafunzo kuwa sheria. Tangu tarehe 30 Juni 2022, kifaa cha kuchajia kinachouzwa kwa matumizi ya nyumbani au kazini nchini Uingereza sharti kiwe na uwezo wa kupokea maelekezo, na sharti kitoke kiwandani kikiwa kimepangwa kutochaji katika saa za kilele, huku mmiliki akibaki na haki ya kubadilisha mpango huo wakati wowote. Hapa upo uamuzi wa hekima ambao haugharimu hazina ya serikali hata senti. Binadamu wengi hawagusi mipangilio waliyoikuta. Kifaa kikija kimepangwa kungoja usiku, wengi wataliacha lilivyo bila kuhisi kwamba wamenyang'anywa kitu.

Sheria hiyo ina kipengele kingine kinachostahili kusomwa kwa makini na watunga sera wetu. Kila kifaa huchelewesha kuanza kwake kwa sekunde kadhaa zinazochaguliwa kwa bahati nasibu, hadi dakika 10. Kipengele hiki kinaweza kuonekana kama mchezo wa watoto, lakini kinajibu hatari halisi. Bei ikishuka saa nne kamili, na kila mmiliki akiwa amepanga gari lake lianze saa nne kamili, kilele kipya kitazaliwa saa nne. Magari 12 katika mtaa mmoja, kila moja likivuta kilowati 7, ni kilowati 84 kwa sekunde moja, mzigo unaoweza kuielemea transfoma ndogo hata kama nchi nzima ina umeme wa kumwaga. Bei yetu ya sasa, yenye mpaka mmoja mkali wa saa nne usiku, ina hatari hiyohiyo. Haijadhihirika kwa sababu magari bado ni machache. Hatua za kuizuia ni nafuu zikichukuliwa kabla ya vifaa kuenea majumbani.

Tukirudi nyumbani, ni vyema kutenganisha makundi, kwa kuwa neno "mmiliki" huficha tofauti kubwa.

Mabasi ya umeme ya Nairobi, yaliyoanza kuonekana barabarani mwaka 2022, hulala kwenye bohari na kuchajiwa usiku. Kampuni inayoyasimamia ina ratiba, wahandisi na mkataba. Ikiambiwa kwamba kuchaji kati ya saa sita na saa kumi usiku kuna faida, itakaa chini na kupiga hesabu. Utayari wake ni suala la mkataba mmoja, na mkataba huo unaweza kuhamisha mzigo wa makumi ya magari ya watu binafsi.

Pikipiki ndizo nyingi zaidi miongoni mwa vyombo vya umeme nchini, na kwao swali linageuka kabisa. Mwendesha bodaboda wengi hawachaji chochote. Hubadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa katika kituo na kuendelea na safari. Anayeamua betri ichajiwe saa ngapi ni mwenye kituo. Mtu angedhani basi kwamba hapa pana njia ya mkato, kwani ni kampuni chache tu za kuzungumza nazo. Lakini bodaboda hufanya biashara yake kubwa jioni, saa zilezile za kilele, na betri iliyorudishwa saa kumi na mbili inahitajika tena saa mbili. Ili kituo kisichaji jioni, kinahitaji akiba kubwa ya betri zilizojazwa usiku uliotangulia, na betri ni sehemu ghali ya biashara hiyo. Kwa hiyo utayari wa kampuni za betri utategemea kama nafuu ya bei inaweza kugharimia betri za ziada. Hilo ni swali la EPRA kama lilivyo la wawekezaji.

Linabaki kundi la tatu, wenye magari binafsi. Mwenye nyumba yake Karen, Nyali au Milimani ana mahali pa kuegesha, ana ukuta wa kufunga kifaa, na anaweza kuomba mita ya pili, maana ili bei ya usafiri wa umeme itumike, umeme wa gari sharti upimwe peke yake. Mpangaji wa ghorofa ya nne Kileleshwa hana lolote kati ya hayo. Eneo la maegesho ni la mwenye jengo, mita ya maeneo ya pamoja ni ya mwenye jengo, na akichomeka gari lake atalipishwa bei ambayo mwenye jengo ataamua. Kumuuliza kama yuko tayari kujiunga na mpango wa uchaji mahiri ni kumuuliza asiye na shamba kama yuko tayari kutumia mbolea. Miongozo ya vituo vya kuchajia ambayo EPRA ilitoa mwaka 2023 ilifungua njia kwa wawekezaji wa vituo vya umma. Suala la maghorofa ya kupangisha linahitaji sauti yake lenyewe, hasa katika miji ambako wakazi wengi ni wapangaji.

Kuna pia jambo la siri za nyumbani. Mpango wa uchaji mahiri hujua gari lilifika saa ngapi, liliondoka saa ngapi na siku zipi halikurudi. Taarifa hizo mikononi mwa mtu mbaya ni ratiba ya lini nyumba haina mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mhusika iwe ya hiari na ya jambo mahususi, na inampa haki ya kuiondoa. Kampuni itakayozika ridhaa hiyo katika kurasa 30 za masharti yenye herufi ndogo itakuwa imetimiza desturi mbovu ya sekta nyingi, na itapoteza kile hasa inachokihitaji kutoka kwa mteja.

Ni masharti gani basi yanayoweza kumfanya mwananchi wa Kenya akubali? Kutokana na yaliyoonekana kwingine na hali ya mtandao wetu, la kwanza ni kiwango cha chini kisichogusika. Gari likichomekwa lichaji mara moja hadi kiwango ambacho mmiliki amekitaja, tuseme cha kumfikisha hospitalini na kumrudisha, bila kujali ni saa ngapi. Kinachozidi hapo ndicho kingoje usiku. Sharti hili linakula sehemu ndogo ya faida ya mtandao, lakini linaondoa hofu ya mtu anayekumbuka giza la Agosti 2023. Mpango usio nalo utapata wafuasi katika mitaa ambayo umeme haupotei, na kukosa wafuasi kwingineko.

Haki ya kukataa kwa usiku mmoja bila faini inafuata. Nayo malipo yaonekane. Akiba iliyojificha ndani ya bili yenye mistari kumi ya tozo haimshawishi mtu, ilhali mstari mmoja ulioandikwa kiasi ambacho mteja ameokoa mwezi huo unasomwa hata na asiyependa hesabu. Na pale kampuni inaposhindwa kutimiza ahadi, gari likakutwa halijajaa kwa kosa la mpango wenyewe, fidia iwe imeandikwa tangu mwanzo. Kwa sasa hatari yote ya kungoja iko begani mwa mmiliki, huku faida ya kungoja kwake ikigawanywa kwa nchi nzima. Mgawanyo huo si wa haki, na wananchi huutambua hata kama hawautaji kwa jina.

Wapo watakaosema kwamba ni mapema mno kuyajadili haya. Mkakati wa kitaifa wa mwaka 2020 ulilenga asilimia 5 ya magari yanayosajiliwa yawe ya umeme kufikia 2025, na anayesimama Barabara ya Thika kuhesabu magari ataona kwamba petroli na dizeli bado zinatawala. Lakini kifaa cha kuchajia kikifungwa ukutani leo kitadumu miaka mingi, na kifaa kisichoweza kupokea maelekezo hakigeuki kuwa mahiri kwa tangazo la serikali. Magari 50,000 yanayochaji kwa kilowati 7 kwa wakati mmoja ni megawati 350, mzigo unaozidi megawati 200 ambazo nchi ilianza kuzinunua kutoka Ethiopia mwaka 2022. Magari hayohayo yakisambazwa katika saa nane za usiku ni mteja mwema wa mvuke wa Olkaria.

Kipindi cha bei kilichoanza Aprili 2023 kilipangwa kufikia Juni 2026, na mapitio ya bei za umeme huandamana na vikao vya kupokea maoni ya umma, vya ana kwa ana na kwa maandishi. Katika mapitio ya aina hiyo, wenye magari ya umeme wana haki ya kuuliza kama mpaka wa saa nne usiku utalainishwa, kama mita ya pili itarahisishiwa mpangaji, na nani atalipa siku gari litakapokutwa tupu. Wasio na magari nao wana swali lao, nalo ni kiasi gani cha tozo ya mafuta kwenye bili yao kinatokana na uchaji wa jioni.